Usukani Unaoguna: Mafuta Mekundu, Vumbi la Nakuru na Historia ya Pawa Steringi

Kuna mlio ambao kila mkazi wa Nakuru anaujua hata kama hana gari. Asubuhi mapema, ukungu bado umeilalia Menengai, mtu anarudisha gari nyuma kutoka langoni, anakata usukani, na gari linaguna kama ng'ombe anayedai ndama wake. Uuuuu! Usukani ukirudi katikati, kimya. Akikata tena, uuuuu. Majirani wameshazoea, mbwa wameshazoea, na mwenye gari anaongeza sauti ya redio.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu, si kutengeneza magari. Lakini mlio huu umenikaa kichwani kwa sababu unafanana na kitu ninachokutana nacho kila siku: mashine inatoa ujumbe wa hitilafu, ujumbe uko wazi kabisa, na watu wanaupuuza kwa sababu hawajui lugha yake. Nikaanza kuuliza. Huu mlio umetoka wapi? Kwa nini gari la babu yangu halikuwa nao? Kwa nini Vitz ya shemeji yangu haina? Majibu yamenipeleka mbali kuliko nilivyotarajia, kwa hiyo leo wadau mnisamehe, hakuna kodi, ni magari tu.

Tuanze Marekani. Francis W. Davis alikuwa mhandisi wa Pierce-Arrow, kampuni ya magari ya mjini Buffalo, na alifanya kazi upande wa malori. Kukata kona na lori la wakati ule ilikuwa kazi ya mabega, si ya mikono. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Davis akaacha ajira, akajifungia katika karakana yake huko Waltham, Massachusetts, na kufikia mwaka 1926 alikuwa na gari lililosaidiwa kukata kona na mafuta yenye shinikizo. Akaliendesha hadi Detroit kuwaonyesha wakubwa. General Motors wakavutiwa, wakaingia naye mkataba, kisha Mdororo Mkuu ukafika, hesabu zikafanywa upya, mradi ukawekwa kando. Bendix wakamchukua mwaka 1936. Hadi 1939 ilikuwa imetengenezwa mitambo kumi tu. KUMI! Vita vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyomwokoa, maana magari ya deraya ni mazito na dereva wake hana muda wa kupumzisha mabega. Gari la kwanza la kawaida kuuzwa na pawa steringi lilikuwa Chrysler Imperial la mwaka 1951, nao Chrysler walitumia hataza za Davis ambazo muda wake ulikuwa umekwisha. Miaka 25 tangu gari la majaribio lifanye kazi barabarani. Ninyi mnaolalamika kwamba programu yenu imekaa miezi mitatu bila mteja, someni aya hii tena.

Kilichofanya wazo la Davis lishinde ni jambo dogo, nalo ndilo linaloeleza ule mlio. Waliomtangulia waliwaza kuweka shinikizo muda wote na kufungua valvu pale dereva anapohitaji msaada. Davis akageuza: valvu inakaa wazi, mafuta yanazunguka bure kutoka pampu hadi kikopo na kurudi, bila shinikizo la maana. Dereva akikata usukani, valvu inabana njia moja, shinikizo linapanda upande huo, na mafuta yanasukuma pistoni iliyomo ndani ya raki. Katika magari mengi shinikizo hilo hufika kati ya bar 70 na 100 usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho. Tairi la kawaida lina kama bar 2, ufananishe mwenyewe. Kwa hiyo gari likienda moja kwa moja pampu inatembea matembezi ya jioni, na ukikata kona ndipo inapobeba gunia. Kama ina kidonda, hapo ndipo utaisikia.

Haya, sasa turudi nyumbani.

Mwaka 1953, miaka miwili baada ya ile Chrysler, mbio za magari za Coronation Safari zilifanyika kwa mara ya kwanza Afrika Mashariki, na baadaye zikaitwa Safari Rally. Waliotangulia kumaliza mwaka ule waliendesha Volkswagen ya mgongo wa kobe, gari lisilo na msaada wowote wa usukani. Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544. Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda mwaka 1963 na tena 1968 kwa Peugeot 404. Katika kila moja ya mbio hizo mbili ni magari saba tu yaliyomaliza, kati ya 84 na 93 yaliyoanza. Hao wote waligeuza magurudumu kwa misuli. Nikimwona kijana anasema gari fulani "lina usukani mgumu", huwa namkumbuka Nowicki kwenye matope, usiku, siku ya tatu bila usingizi.

Peugeot zile hazikubaki kwenye mbio. Station wagon za 404 na baadaye 504 ndizo zilizobeba abiria wa safari ndefu kati ya Nairobi, Nakuru na magharibi kabla ya Nissan kuteka barabara. Usukani wao ulikuwa wa raki, mwepesi wa kutosha gari likitembea, lakini kuigeuza ikiwa imesimama na imejaa abiria na magunia juu ilikuwa kazi ya mtu aliyekula ugali. Madereva walikuwa na kanuni yao: usikate usukani gari likiwa limesimama kabisa, liache livingirike kidogo. Kanuni hiyo bado ni nzuri hata kwa gari lenye pampu, kwa sababu ni pale gari limesimama kwenye lami kavu ndipo pampu inapoumia zaidi.

Je, mafundi wa Nakuru walijifunzia wapi haidroliki? Nina maoni yangu hapa, mnaweza kunipinga: walijifunzia shambani. Nakuru ni mji wa reli na wa ngano. Lord Delamere alilima ngano Njoro mwanzoni mwa karne iliyopita na mwaka 1908 akaanzisha kampuni ya Unga kuisaga. Egerton ilianza hapohapo Njoro mwaka 1939 kama shule ya kilimo. Palipo na ngano pana trekta, na trekta la Ferguson, baadaye Massey Ferguson, huinua jembe kwa mafuta yenye shinikizo. Kwa hiyo fundi wa Njoro au Rongai alikuwa ameshakutana na sili zinazovuja, mafuta yenye povu na pampu inayolia miaka mingi kabla gari dogo lenye pawa steringi halijawa kitu cha kawaida mjini. Trekta likila hewa, jembe linapanda kwa kusitasita. Ni ugonjwa uleule, mwili tofauti.

Gari dogo lenyewe lilikuja kwa wingi mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali ilipolegeza udhibiti wa uagizaji na wa fedha za kigeni, na magari yaliyotumika Japani yakaanza kushuka Mombasa meli baada ya meli. Ghafla mwalimu, nesi na mwenye duka wakawa na Corolla yenye usukani wa kuzungusha kwa kidole. Kisha kikaja kiwango cha KS 1515:2000, kinachotaka gari linaloingizwa nchini lisizidi umri wa miaka minane. Piga hesabu: gari linafika likiwa na miaka saba, mara nyingi na mafuta ya steringi ambayo hayajawahi kuguswa, kisha linaishi hapa miaka kumi na mitano mingine. Oili ya injini inamwagwa kwa ratiba kwa sababu fundi ameandika kikaratasi na kukibandika. Mafuta ya steringi hayana kikaratasi. Hakuna anayeyakumbuka mpaka yalie.

Na mafuta yenyewe yana historia ya ajabu. Magari mengi ya Kijapani ya enzi hizo hutumia mafuta ya giaboksi ya otomatiki, ATF, ya familia ya Dexron. Tazama kifuniko cha kikopo, mara nyingi imeandikwa hapo. General Motors walitoa kiwango cha kwanza, Type A, mwaka 1949, na Dexron yenyewe ikaja mwaka 1967. Wekundu wake ni rangi tu, iliyotiwa ili fundi akiona tone sakafuni ajue halikutoka kwenye injini. (Wazo zuri kuliko majina mengi ya faili niliyowahi kuona.) Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba mafuta hayo ya awali yalikuwa na mafuta ya nyangumi ndani yake, kwa sababu hakuna kilichofanya msuguano uwe laini vile. Marekani ilipomweka nyangumi huyo kwenye orodha ya viumbe walio hatarini mwaka 1970, viwanda vikalazimika kutafuta mbadala, na Dexron-II ikafuata miaka michache baadaye. Kwa hiyo kama babu yako alikuwa na Mmarekani mkubwa wa miaka ya 1960, alikuwa anakata kona kwa msaada wa nyangumi.

Hapa niseme jambo zito kidogo. Katika maduka mengi ya spea kati ya Naivasha na Molo mafuta huuzwa ya kupimiwa, yakatiwa kwenye chupa ya soda au ya maji. Rangi ni nyekundu, basi. Chupa ya mafuta ya breki nayo ipo pembeni, haina lebo. Sasa sikiliza. Mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4 yametengenezwa kwa glaikoli. Mafuta ya steringi yametokana na petroli. Mipira ya mfumo mmoja haivumilii mafuta ya mwingine. Ukimimina ya breki kwenye steringi, sili za raki na pampu zinaharibika na utanunua vipya. Hiyo ni hasara ya mfuko. Lakini ukimimina ya steringi kwenye breki, mipira ya breki inavimba na kulegea, na haivimbi papo hapo pale gereji. Itakuacha utoke, upite Salgaa, uanze kuteremka. Anayezijua teremko za Sachangwan na Mai Mahiu hahitaji kuelezwa zaidi. Kikopo cha breki kiko karibu na dereva, nyuma ya bonneti, na kifuniko chake kimeandikwa DOT. Soma kifuniko kabla ya kumimina, hata kama fundi anakuharakisha.

Sasa tuje kwenye ule mlio, na kwa nini Nakuru inausikia sana.

Pampu ya steringi hainyonyi mafuta kwa uchawi. Inatengeneza nafasi yenye shinikizo dogo, na uzito wa hewa iliyo juu ya mafuta ndani ya kikopo ndio unaoyasukuma kuingia. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, ambapo shinikizo la hewa ni karibu asilimia 80 ya lile la Mombasa. Timboroa, zaidi ya mita 2,700, ni kama asilimia 72. Ongeza baridi ya asubuhi, ambayo hufanya mafuta yawe mazito, na chujio dogo la ndani ya kikopo lililojaa uchafu wa miaka ishirini. Pampu inataka mafuta, mafuta yanachelewa, vipovu vinazaliwa na kupasuka ndani ya pampu, na huko kupasuka ndiko kuguna unakosikia. Gari lenye tatizo dogo ambalo Mombasa lingenyamaza, hapa linaimba. Sisemi kwamba mwinuko pekee unaua pampu. Nasema tu kwamba unafichua mapema.

Kisha kuna vumbi. Inasemekana jina Nakuru lenyewe latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na aliyepita barabara za Soysambu mwezi wa Januari hawezi kubisha. Mbio za dunia ziliporudi Kenya mwaka 2021, zikiwa na makao Naivasha, madereva wa Ulaya walikutana na vumbi hili kwenye hatua za Elmenteita, Soysambu na Sleeping Warrior, wakashangaa kuona gari linazama kwenye kitu kinachofanana na unga. Ni majivu ya volkano yaliyosagika. Na pale Kariandusi, karibu na Gilgil, kuna machimbo ya diatomaiti, udongo mweupe uliotokana na mabaki ya mimea midogo sana ya majini yenye magamba ya silika. Silika husugua chuma. Kila mwisho wa raki una mpira uliokunjwakunjwa kama akodioni, na mpira huo ukipasuka, unga huu unaingia, unakwaruza fimbo ya chuma, fimbo inakwaruza sili, sili inavuja. Mafuta yanapungua kidogo kidogo kwenye kikopo, hewa inaingia, na mlio unaanza. Mtu analaumu pampu. Pampu ni mjumbe tu.

Nitawapa mfano wa jirani yangu, mwalimu wa sekondari, mwenye Subaru Forester ya miaka ya 2000. Gari liliguna asubuhi, likanyamaza likipata moto, wiki chache baadaye likawa halinyamazi. Gereji moja, sitaitaja, ilimwambia pampu imekufa na raki inaelekea kufa, abadilishe vyote viwili. Bei waliyomtajia ilikuwa inalingana na karo ya mtoto wake ya muhula mzima, na muhula ulikuwa unafungua. Alikuja kwangu kuniuliza kama kuna programu ya simu inayoweza kuhakikisha. Hakuna. Nikamwambia twende kwa mzee mmoja wa jua kali ambaye amefungua magari tangu enzi za Peugeot.

Mzee hakuleta spana. Aliomba injini iwashwe, akafungua kikopo, akaangalia. Mafuta hayakuwa mekundu, yalikuwa na rangi ya waridi, yamejaa povu kama maziwa yaliyochemka. Akachukua bisibisi ndefu, ncha kwenye mwili wa pampu, mpini kwenye sikio, akamwambia mwalimu akate usukani polepole. Akasikiliza. Kisha akapaka grisi nene kuzunguka pale paipu ya kunyonyea inapoingia kwenye pampu, akangoja. Mlio ukapungua.

"Mwalimu, pampu yako ni nzima. Inakula hewa tu."

"Sasa fundi, nibadilishe nini?"

"Haka ka-mpira hapa. Kamekauka."

Kwa wanaozijua Subaru za injini ya EJ hii si habari mpya. Kuna ringi ndogo ya mpira kwenye kiungo hicho, na kwa umri inakakamaa na kusinyaa. Upande wa kunyonya hauna shinikizo la kusukuma mafuta nje, kwa hiyo hutaona tone lolote chini. Badala ya mafuta kutoka, hewa inaingia. Ndiyo maana watu wanabadilisha pampu nzima, na kwa kuwa pampu mpya huja na ringi mpya, mlio unaisha na kila mmoja anaamini pampu ndiyo ilikuwa mbovu. Tunaofanya kazi na kompyuta tunawajua jamaa hawa: wanafuta mfumo mzima na kuuweka upya, tatizo linaondoka, na hakuna anayejua lilikuwa nini. Ringi ile iligharimu pesa kidogo kuliko sahani ya nyama pale Kikopey.

Grisi ya yule mzee, ukiitazama vizuri, ni jaribio safi kabisa. Badilisha kitu kimoja, usiguse kingine, angalia kama dalili inabadilika. Alikuwa na njia ya kutofautisha milio mingine pia, nami niliiandika usiku huohuo. Mguno unaopanda na mwendo wa injini na kuzidi ukikata kona ni hewa au upungufu wa mafuta. Mlio mkali wa kufoka kama filimbi, unaokuja unapowasha tu au unapokata hadi mwisho, ni mkanda uliolegea au uliopakwa mafuta. Mwagia maji kidogo, mlio ukibadilika kwa sekunde chache ndio huo. Sauti ya "sssss" usukani ukiwa umefika mwisho kabisa ni valvu ya usalama ikifanya kazi yake, iache, ila usiushikilie usukani hapo. Na "ko-ko-ko" kwenye matuta haihusiani na mafuta hata kidogo, huo ni mpira wa chini au kichwa cha steringi, na ukiambiwa ubadilishe mafuta ili uitoe, ondoka.

Hivi kupuuza kuna hatari gani? Pampu ikikataa, usukani haukatiki, unakuwa mzito ghafla, na mtu ambaye hajawahi kuendesha gari zito anaweza kupita kona kabla hajagundua nguvu inayohitajika. Katika Subaru hizo mkanda mmoja huzungusha pampu na altaneta, kwa hiyo pampu ikikwama na kuukata, umeme nao unaondoka, usiku, na taa zako zinafifia. Na mafuta haya huwaka: bomba la shinikizo likipasuka na kumwagia ekzosi ya moto, unaweza kupata moshi, na unaweza kupata moto wenyewe. Mwalimu hupita Mai Mahiu karibu kila mwisho wa wiki kwenda kwa mamake. Barabara ile, ile iliyojengwa na mateka wa Kiitalia wakati wa vita na kanisa lao dogo la mwaka 1942 bado liko pembeni, haina nafasi ya mtu kujifunza usukani mzito.

Kubadilisha mafuta tulikufanya siku hiyohiyo, maana yaliyokaa na hewa na joto muda ule yalikuwa yameungua na kunuka. Nunua lita mbili zilizofungwa, aina ile iliyoandikwa kwenye kifuniko. Honda wana mafuta yao maalumu, wasidanganywe na wekundu, na magari mengi ya Kijerumani hutaka ya kijani. Inua magurudumu ya mbele kwa jeki na uyaegemeze kwenye stendi, si kwenye mawe, nimeona mawe. Vuta mafuta ya kikopo kwa bomba la sindano kubwa, lile la daktari wa mifugo linafaa sana. Toa chujio ulioshe kama linatoka. Chomoa paipu ya kurudi kwenye kikopo, ile laini ya kubanwa kwa klipu, si ile ngumu yenye nati, ziba tundu la kikopo na uingize paipu ndani ya chupa tupu. Jaza mafuta mapya. Injini ikiwa imezimwa, mtu mmoja azungushe usukani kutoka mwisho hadi mwisho polepole, wewe ukiongeza mafuta kabla kikopo hakijakauka. Meusi yatatoka kwanza, kisha ya kahawia, kisha mekundu safi. Rudisha paipu, jaza hadi alama ya COLD, zungusha tena mara ishirini hivi bila kuwasha. Hapa watu hukosa subira, wakiwasha mapema pampu inasaga hewa yote kuwa povu na utangoja saa nzima litulie. Washa, zungusha tena taratibu, usishikilie mwisho kwa zaidi ya sekunde tano, shusha gari, angalia kiwango. Kwa ile Forester kazi nzima ilichukua chini ya saa mbili, chai ikiwemo.

Vijana wengi wanaosoma hapa hawatafanya kazi hii kamwe. Mwaka 1988 Suzuki waliweka msaada wa umeme kwenye usukani wa kigari chao Cervo, la kwanza duniani kuuzwa hivyo, na Toyota Vitz ilipotoka mwaka 1999 na Honda Fit mwaka 2001 zilikuja na mota badala ya pampu. Hakuna mkanda, hakuna kikopo, hakuna wekundu. Kinachonifurahisha ni kwamba ndani ya usukani wa umeme bado kuna kipande kilekile cha chuma kinachopindika kidogo dereva anapokata kona, kama kilichoendesha valvu ya mafuta. Sasa kihisio kinapima kimepindika kiasi gani, na programu inaamua mota isukume kwa nguvu gani, mara nyingi kwa sekunde moja. Mwendo ukiongezeka programu inapunguza msaada. Likiharibika, taa inawaka kwenye dashibodi na fundi anachomeka kompyuta, anasoma namba. Mzee wa bisibisi ameshanunua kisomeo cha namba, wajukuu wake ndio wanaokitumia. Anasema namba humwambia ni sehemu gani imelalamika, haimwambii kwa nini, kwa hiyo bado huanza kwa kuomba gari liwashwe na watu wanyamaze.

Mafuta ya zamani yalijaza chupa moja na nusu. Gereji nyingi huyamwaga mtaroni, na mitaro ya Nakuru hushuka kuelekea ziwani. Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Njoro, Makalia na Nderit zinaingia na kilichoingia hakitoki. Tuliyafunga tukampelekea jirani wa Kiamunyi anayejenga ua, akazipaka nguzo zake upande unaoingia ardhini, akiamini kwamba mchwa hawaipendi harufu hiyo.